Kibokoni, Mahali pa Kumi na Nne

Iko siku moja naikumbuka saa kwa saa, mwanangu, na kwa kuwa umeniuliza mtu mwenye siku moja tu Mombasa aanzie wapi, nitakueleza hiyo. Simu yako iweke mfukoni. Sina orodha ya kukupa. Niliwahi kuwa na orodha nzuri sana, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na kazi yangu ilikuwa kuwatembeza wageni Mji wa Kale. Waongozaji tulikuwa wengi pale lango la Ngome, na kila mmoja alikuwa na sifa yake. Wengine walijua Kiingereza, wengine Kiitaliano, mmoja alijua kulia mgeni akitaka kuondoka. Mimi sifa yangu ilikuwa hesabu. Nilijua kutoka Ngome mpaka Forodha Kongwe ni hatua ngapi, kwa kuwa nilizihesabu kwenda, kisha nikazihesabu kurudi, na hesabu mbili zisipolingana nilikwenda tena. Mtu akipimiwa machungwa kumi mbele yangu, mimi ndiye niliyemwambia ni tisa. Sikupendwa sana sokoni.

Basi asubuhi moja, saa mbili kamili, akanijia bwana mmoja mwenye kanzu na bahasha kubwa ya karatasi kwapani. Jina lake Abdalla, ametoka Ngazija, kule Komoro. Alikuwa na mamake, Bi Zuwena, mwanamke wa miaka sitini, mwembamba, anayepumua kama mtu aliyepanda ngazi ilhali amesimama. Bi Zuwena alizaliwa hapa hapa kisiwani. Aliolewa akapelekwa Ngazija akiwa na miaka kumi na saba, na tangu hapo hakuikanyaga Mombasa kwa miaka arobaini na mitatu. Sasa walikuwa njiani kwenda Nairobi, ambako madaktari wangempasua kifua watengeneze moyo. Basi lao lilikuwa linaondoka Mwembe Tayari saa kumi na mbili jioni. Abdalla alikuwa na karatasi za kugongesha mihuri ofisi tatu tofauti.

"Mzungushe mama," akaniambia. "Ana siku moja tu."

"Mahali pangapi?"

"Sita, asichoke."

"Sita ni dharau, bwana. Mtu amekaa miaka arobaini na mitatu, uje umwonyeshe sita? Kumi na sita."

"Ana moyo, kijana."

"Kila mtu ana moyo. Kumi na tano."

"Nane."

"Nane hata wanaoshuka melini kwa saa mbili nawapa."

Tukaishia kumi na nne, na kupumzika mara mbili. Nilishinda. Nimeshinda mapatano mengi maishani, mwanangu, na hayo ndiyo peke yake ninayotamani ningeshindwa.

Abdalla alipoondoka, Bi Zuwena akanishika mkono wa kanzu. "Mwanangu, mimi nina mtu mmoja tu. Shoga yangu, Mwanaisha. Nimeambiwa kaolewa Kibokoni. Nataka kumwomba radhi kabla sijalala chini ya kisu. Hayo mengine, ukipenda."

Alisema hivyo hasa, na maneno hayo niliyasikia vizuri. Nikatoa orodha yangu, nikaandika: Kibokoni, Bi Mwanaisha, pa kumi na nne.

Usinitazame hivyo. Nilikuwa na sababu. Kibokoni kutoka lango la Ngome ni mwendo wa dakika tano, saba kwa mtu mwenye moyo mgonjwa. Mzunguko wangu ulianzia Ngomeni, ukaenda mpaka Forodhani, ukakata mjini, ukafika Marikiti na Bondeni, kisha ukarudi karibu na Ngome. Kibokoni palikuwa njiani kurudi. Kwenye karatasi palikaa vizuri mno.

Na jambo la radhi nililijua kama ulijuavyo wewe. Kwetu mtu hasafiri safari nzito, haingii Ramadhani, wala halali kitanda cha daktari bila kuwapitia aliowakosea. Nililijua, ila nilidhani ni jambo linalongoja zamu yake.

Pa kwanza palikuwa Ngome yenyewe. Bi Zuwena akasimama langoni, akatazama juu.

"Nilipoondoka, hii ilikuwa gereza," akasema. "Nina siku moja Mombasa, nawe wanitia jela?"

"Sasa ni makumbusho, mamangu."

"Ya kumkumbuka nani? Waliofungwa humu nawakumbuka mwenyewe. Mmoja alikuwa jirani yetu."

Nikamzungusha dakika arobaini na tano. Nilimhesabia mizinga. Alikuwa mwenye adabu, akaitikia kila mzinga.

Njiani kwenda Forodha Kongwe ndipo aliponieleza kosa lake. Yeye na Mwanaisha walisoma chuo kimoja cha Kurani, wakashona kofia baraza moja, wakala sahani moja. Wiki ya harusi yake wakagombana kwa ajili ya leso ambayo siku ile hakukumbuka tena hata rangi yake. Sasa, usiku wa vugo, wanawake walipokusanyika uani kugonga pembe na kuimba, yeye bibi harusi alikuwa amefungiwa ndani, lakini wimbo mmoja ulikuwa wake. Aliutunga mwenyewe, akampa mamake mdogo auimbe. Wimbo ulisema wachumba wanaosimama mlangoni kwa Mwanaisha ni wale wanaouliza njia.

"Walicheka?" nikamuuliza.

"Walicheka sana. Ndilo tatizo. Ulikuwa wimbo mzuri." Akapumzika kidogo, mkono ukutani. "Siku ya pili yake nikapakiwa melini. Kibokoni bado?"

"Bado mahali kumi na mbili, mamangu."

Aliniuliza hivyo mara tano siku ile. Nilizihesabu. Nilidhani ni dalili kwamba anafurahia matembezi.

Sitakuchosha na hapo kumi na mbili palipobaki. Nilimwonyesha milango ya kuchonga ya barabara nzima, mmoja mmoja, na kwenye mmoja akaniambia aliwahi kubanwa kidole nao. Marikiti alinusa iliki na mdalasini, akapiga chafya. Bondeni tulipumzika mara ya pili, akanywa maji ya ukwaju nusu gilasi, akaangalia jua lilipofika. Mimi niliangalia saa yangu. Tulikuwa tumechelewa dakika ishirini, nikaazimia kuzifidia.

Tulifika Kibokoni saa tisa na dakika ishirini. Kwenye baraza ya nyumba moja ya kona alikaa Mzee Famau, mshona makubadhi, kiatu kimoja mapajani na sindano mkononi. Na hapa, mwanangu, ndipo nilipofanya kosa ambalo mtoto wa Mombasa hana udhuru nalo.

"Salaam aleikum, nyumba ya Bi Mwanaisha iko wapi?" Nilisema yote kwa pumzi moja, mguu mmoja umeshatangulia.

"Aleikum salaam," akajibu. Kisha akangoja. Nami nikangoja. Alipoona hakuna kinachokuja, akanyoosha sindano. "Ile yenye mlango wa kijani."

Nikamwongoza Bi Zuwena mpaka mlango wa kijani. Nikapiga hodi mara tatu kama adabu inavyotaka, nikahesabu mpaka mia, nikapiga tatu nyingine. Kimya. Bi Zuwena akaketi kizingitini, akajitengeneza buibui, akafuta uso, akaketi wima kama mtu aliye tayari kupokewa. Ikaadhiniwa alasiri. Hakufungua mtu. Nilipochoka nikarudi kwa Mzee Famau, nikakuta kiatu chake tu. Mwenyewe kaenda msikitini. Akarudi saa kumi na robo, taratibu, anakung'uta kanzu.

"Mzee, kule hakuna mtu."

"Najua."

"Wajua?"

"Nilimwona akitoka baada ya adhuhuri, kavaa buibui lake jipya. Yuko Majengo kwa dadake. Kuna hitma ya shemeji yake aliyefariki."

"Mbona hukunambia?"

"Wewe uliniuliza nyumba," akasema. "Nyumba si ile?"

Akanionyesha nafasi barazani, nami nikaketi, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Wewe ni mwana wa nani?"

"Mjukuu wa Bi Maryamu, wa Bondeni."

"Bi Maryamu!" Akaweka sindano chini. "Yule akipita hapa huamkua mpaka paka. Wewe umeyatoa wapi haya? Sikiza. Mtu huja akatoa salamu, nami nikaitikia. Huniuliza hali, nikamwambia goti langu. Nami humuuliza atoka wapi, hawajambo nyumbani, aenda kwa nani. Hapo ungesema Mwanaisha, ningesema hayuko. Dakika ngapi hizo?"

Nikapiga hesabu. "Nne."

"Na umepoteza ngapi?"

"Hamsini na tano."

"Mara ngapi umehesabu?"

"Mara mbili."

"Afadhali." Akaokota sindano. "Na asubuhi nzima alikuwa amekaa hapo hapo mlangoni, anachambua mchele. Kuanzia saa mbili. Tumesemezana kuvuka njia mpaka mchele ukaisha."

Bi Zuwena alikuwa ameshafika nyuma yangu, na aliyasikia hayo. Alimwamkua Mzee Famau, akamuuliza hali, akamsikiliza goti, akaulizwa atoka wapi, akaeleza. Dakika nne, mwanangu. Mkewe Mzee Famau akatoka akamshika mkono, akamkaribisha ndani alale kidogo. Mimi nikaambiwa nikimbie.

Nikakimbia. Kutoka Kibokoni mpaka Majengo si karibu, na jua la saa kumi halina huruma na mtu mwenye kanzu. Nyumba ya hitma niliijua kwa viatu: jozi thelathini na moja za wanawake mlangoni, pamoja na kimoja kisicho na mwenzake. Juu ya kizingiti aliketi mama mmoja mnene, anapepea.

Safari hii sikuruka kitu. Nilimsalimu, nikampa pole ya msiba, nikamuuliza hali yake, ya watoto, ya wajukuu, ya wafiwa mmoja mmoja. Akanitazama juu mpaka chini.

"Umekuja kuposa?" akaniuliza. "Maana salamu zote hizi, au una posa au una deni."

Nikamweleza shida yangu. Akasikitika kwa dhati, na akanambia dua haijasomwa, na kabla ya dua hatoki mtu. Nikangoja nje nikihesabu viatu upya. Saa kumi na moja na dakika kumi ndipo Bi Mwanaisha alipotoka, mwanamke mfupi, sauti kubwa, tende ya hitma ingali mkononi.

"Nani ananiita?"

"Bi Zuwena, wa Ngazija. Yuko Kibokoni. Ana basi la saa kumi na mbili, aenda kupasuliwa moyo. Anataka radhi yako."

Alisimama. Nikaogopa. Miaka arobaini na mitatu ni muda wa kutosha kwa mtu kuandaa jibu.

"Kwa wimbo ule?" akasema.

"Ndio, mamangu."

"Huyu mwanamke!" Akatia tende kinywani. "Mimi nilimjibu usiku ule ule, uani, mbele ya wote. Wangu ulikuwa mkali kuliko wake. Hakuusikia kwa kuwa alikuwa ndani anafukizwa udi. Miaka yote hii mimi ndiye nimengoja kumwomba radhi! Mbona wasimama? Tafuta gari!"

Tukapata teksi ya Kazungu, Mgiriama mmoja niliyemjua, mwenye maneno kuliko mafuta. Akatuona tunavyojitupa ndani, akauliza, "Tunakimbilia harusi au matanga?"

"Endesha wewe!" Bi Mwanaisha akamwambia. "Ukichelewa yatakuwa yote mawili, na matanga ni yako."

Tulifika saa kumi na moja na dakika ishirini na tano. Bi Zuwena alikuwa mlangoni kwa Mzee Famau. Hawa wawili hawakukimbiliana. Walisimama wakatazamana kama mtu anayetafuta uso ndani ya uso mwingine, kisha Bi Mwanaisha akaanza kuimba, kwa sauti ya chini, wimbo ambao mimi sikuwahi kuusikia. Ubeti mmoja. Bi Zuwena akasikiliza mpaka mwisho, mkono kifuani. Halafu akacheka mpaka akashikwa na kikohozi.

"Huo ni mbaya," akasema. "Huo ni mbaya kuliko wangu."

"Si nakwambia! Nisamehe."

"Nisamehe wewe."

Wakashikana mikono wakaingia ndani, na wa kuingia nao sikuwa mimi. Nikabaki barazani na Mzee Famau. Sauti zao zilisikika, zote mbili kwa wakati mmoja, hakuna anayemngoja mwenzake. Abdalla, aliyejua mamake angeishia kwa shoga yake, akafika na mabegi na bahasha yake, mihuri yote imegongwa. Akaangalia saa, akaangalia mlango, akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia kiatu cha Mzee Famau.

Ilipobidi, akapiga hodi.

Walipata dakika kumi na moja.

Bi Zuwena alipopanda teksi ya Kazungu kwenda Mwembe Tayari, alinishika bega. "Ahsante, mwanangu. Umenionyesha mji wote." Hakusema kwa kejeli. Ningemshukuru kama angekejeli.

Kisu kilikwenda salama. Abdalla alileta barua. Bi Zuwena aliishi miaka mingine tisa kule Ngazija, lakini njia yake haikupita Mombasa tena. Kuandikiana hawakuweza, kwa kuwa wote wawili walijua kusoma Kurani na hawakujua kuandika, na mambo ya mashoga hayapitishwi mkononi mwa mtu wa tatu. Wakatumiana salamu, ndizo hizo zinazosema mimi mzima na wewe sijui.

Miaka hiyo nilipita Kibokoni mara nyingi, na kila nilipopita niliketi. Siku moja Bi Mwanaisha alikuwa mlangoni kwake na ungo wa mchele, nikamuuliza jambo lililokuwa likinikera. Nilitaka kujua walisema nini mle ndani.

"Radhi tuliimaliza upesi," akanambia. "Na wimbo. Na mumewe, na mume wangu. Kisha akaniuliza watoto." Akapeta, akapuliza makapi. "Mimi nina watoto wanane. Nilifika kwa wa tatu."

Hakunilaumu. Akaendelea kuchambua mchele, nami nikaketi pale nikiwataja kimya kimya wale watano waliobaki, mmoja mmoja kwa jina. Wote nawajua. Mmoja wao alikuja kumwoa dadangu.

Sasa nikwambie, mwanangu. Wewe umeshuka treni asubuhi, jioni unarudi nayo, na mkononi una picha za mahali ishirini ambapo wenzako walisimama. Sikukatazi kwenda. Ngome ni nzuri, na milango ni mizuri, na mizinga nakuapia iko yote. Lakini Ngome imekaa pale zaidi ya miaka mia nne, na wiki ijayo utaikuta. Watu hawakai hivyo. Mtu huchambua mchele mlangoni asubuhi, na adhuhuri ameshavaa buibui katoka.

Kabla hujatoka kwenye kituo, jiulize jambo moja: jua likitua leo, lipi nitakalojuta kuwa sikulifanya? Huenda ni mtu, huenda ni kaburi, huenda ni sahani ya chakula aliyokuwa akiisifu marehemu babako. Lolote liwalo, liwe la kwanza, asubuhi, miguu yako ikiwa na nguvu na mwenyewe yuko nyumbani. Usilitafutie nafasi panapokaa vizuri kwenye karatasi. Na mtu akikwambia, "Nina jambo moja tu, mengine ukipenda," mshike mkono umpeleke papo hapo kwenye hilo moja. Hayo mengine ameyasema kwa adabu tu.

Na ukifika penye baraza, amkua. Amkua mpaka mwisho, usikilize na goti. Dakika hizo utaona zinapotea, na utatamani kuzipunguza; mimi nimezipima na nakwambia hakuna mahali mjini humu utakapopata bei nafuu kuliko hiyo. Ukibakiwa na saa, tembea unavyotaka. Usipobakiwa, hukupoteza kitu.

Haya, nenda, jua bado liko chini. Mungu akukutanishe na unayemtaka angali nyumbani, autie ulimi wako salamu na miguu yako subira, akukunjulie siku yako iwe pana kuliko saa zake, na akurudishe kwenu salama, moyo mweupe na hakuna anayekudai radhi. Amin.